Somo: Kutoa mchoro wa kiwandani kutoka kwenye modeli ya 3D

Modeli ya 3D ikishakamilika kwenye kompyuta, wengi hudhani kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha mchoro na kuchapa. Programu itakutolea karatasi safi kweli. Lakini fundi aliyesimama kwenye mashine ana maswali ambayo modeli haiyajibu. Tundu hili likizidi kidogo, bado linafaa? Nianze kupima kutoka uso upi? Uso upi uwe laini, na upi uachwe ulivyo? Modeli inaeleza umbo lisilo na kasoro, na hakuna mashine inayotoa umbo lisilo na kasoro. Kazi ya mchoro ni kusema kasoro kiasi gani inakubalika, na wapi.

Nitatumia mfano mmoja: breketi ya alumini inayoshika beringi ya 6204, yenye kipenyo cha ndani 20 mm, cha nje 47 mm na upana 14 mm. Kitako chake kina matundu manne ya bolti za M8. Kitovu cha tundu la beringi kiko 50 mm juu ya uso wa chini wa kitako. Ubavu wa kushoto una tundu dogo la M6 la kushikia kihisi. Breketi mbili kama hii zinabeba shafti moja. Ukitumia FreeCAD (sehemu yake ya TechDraw), SolidWorks, Inventor au Onshape, majina ya vitufe yatatofautiana ila mpangilio wa kazi ni uleule.

Hatua ya 1: Tambua nyuso zinazofanya kazi

Kabla hujafungua karatasi, zungusha modeli na ujiulize ni wapi inagusana na sehemu nyingine. Kwa breketi yetu ni uso wa chini wa kitako, tundu la beringi, na bega (ngazi ndogo ndani ya tundu) ambalo beringi inaegemea. Sehemu nyingine zote ni alumini ya kuunganisha hizo tatu. Orodha hii fupi ndiyo itakayoamua vipimo vyako, kwa hiyo usiiruke.

Hatua ya 2: Karatasi, skeli na projeksheni

A3 inatosha. Chagua skeli za kawaida kama 1:1, 1:2 au 1:5. Programu itakukubalia hata 1:3.7, lakini hakuna atakayeizoea.

Jambo zito hapa ni projeksheni, yaani kanuni ya kupanga mionekano ya kifaa kwenye karatasi. Ulaya huchora kwa pembe ya kwanza: mwonekano wa juu unawekwa chini ya ule wa mbele, na mwonekano kutoka kushoto unawekwa kulia. Marekani hutumia pembe ya tatu, ambapo kila mwonekano unakaa upande ule uliotazamia. Programu huja na mojawapo ikiwa imeshachaguliwa, na mtu anaweza kuchora muda mrefu bila kuitazama. Kifaa chenye pande zinazofanana hakitakuonyesha tatizo. Breketi yetu itakuonyesha: karakana ikisoma kwa mfumo mwingine, tundu la M6 litatokea ubavu wa kulia. Kila kipimo kitakuwa sahihi na kifaa hakitafaa. Weka alama ya koni iliyokatwa ncha kwenye kisanduku cha maelezo, na uhakikishe inalingana na mpangilio halisi wa mionekano.

Hatua ya 3: Mionekano

Mwonekano wa mbele uwe ule unaoonyesha umbo la kifaa kwa uwazi kuliko mingine. Hapa ni ule unaotazama tundu la beringi uso kwa uso. Ongeza mwonekano wa juu kwa ajili ya matundu ya kitako, wa kushoto kwa ajili ya M6, kisha mkato unaopita katikati ya tundu la beringi ili bega lionekane. Basi. Mwonekano usiobeba kipimo wala habari mpya uondoe. Picha ndogo ya 3D pembeni inaruhusiwa, maana humsaidia fundi kuelewa umbo haraka, ila usiiwekee vipimo.

Mistari ya vipande inayoonyesha kingo zilizofichika izime mahali ambapo mkato umeshaeleza. Na ukikata mchoro wa mkusanyiko, bolti, nati na shafti haziwekewi mistari ya mshazari zinapokatwa kwa urefu. Programu nyingi zina sehemu ya kuzitenga.

Hatua ya 4: Vipimo

Hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Kuna kitufe kinacholeta vipimo vyote vya modeli kwenye karatasi kwa mpigo mmoja. Vipimo hivyo vinaeleza jinsi *wewe* ulivyochora, si jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Kama ulianza modeli kwa kuchora mstatili kutoka ukingo wa juu, kimo cha kitovu cha beringi kitapimwa kutoka juu, wakati breketi inakaa juu ya uso wa chini. Viingize ukipenda, kisha futa na upange upya kwa kufuata orodha ya hatua ya kwanza.

Uso wa chini uite datumu A (datumu ni uso wa rejea, unaoanzia kupima) na upime vimo vyote muhimu kutoka hapo. Epuka mnyororo wa vipimo. Ukipanga matundu kwa vipimo vitano vya 20 mm vinavyofuatana, na kila kimoja kikaruhusiwa ±0.2, tundu la mwisho linaweza kupotoka hadi 1 mm. Ukilipima moja kwa moja, 100 mm kutoka uso wa rejea kwa toleransi ya jumla ya ISO 2768-m (kiwango cha kimataifa cha kasoro inayoruhusiwa, ambacho ndicho kilichotoa ile ±0.2), upotofu hauzidi 0.3 mm. Umbo ni lilelile kwenye kompyuta, ila kifaa kinachotoka ni tofauti.

Kila kipimo kiandikwe mara moja tu. Kikirudiwa sehemu mbili, siku moja kimoja kitabadilishwa na kingine kitasahaulika.

Hatua ya 5: Toleransi

Andika chini ya karatasi: toleransi za jumla ISO 2768-m. Hapo vipimo visivyo na maelezo vimeshapata mipaka: ±0.2 kwa vilivyozidi 6 hadi 30 mm, ±0.3 kwa vilivyozidi 30 hadi 120 mm. Halafu jiulize kwa kila uso wa kazi kama mipaka hiyo inatosha.

Matundu ya bolti: bolti ni 8 mm, tundu ni 9 mm, nafasi iliyobaki ni 1 mm. Umbali kati ya matundu ukipotoka 0.3, bolti inaingia. Usiongeze kitu.

Kimo cha kitovu: kwa ±0.3, breketi moja inaweza kutoka na 49.7 na mwenzake 50.3. Shafti itakaa imeinama 0.6 mm na beringi zitakufa mapema. Hapa andika 50 ±0.05, na uongeze sharti la usambamba: mhimili wa tundu uwe sambamba na datumu A ndani ya 0.03.

Tundu la beringi: ⌀47 H7 (H7 ni msimbo wa mipaka ya tundu), na pembeni yake +0.025/0. Andika vyote viwili. Mchoraji anapenda msimbo, lakini anayeshika maikromita anahitaji namba.

Hatua ya 6: Nyuso, nyuzi na kingo

Ra ni kipimo cha ukwaru wa uso: namba ikiwa ndogo, uso ni laini zaidi. Tundu la beringi Ra 1.6, uso wa chini Ra 3.2, kwingine kote Ra 6.3 kwa alama moja ya jumla. Kwa tundu la M6 taja kina cha nyuzi na kina cha kutoboa kando kando, kwa mfano nyuzi 12, kutoboa 16, kwa sababu tapu haiwezi kukata nyuzi hadi chini kabisa ya tundu. Modeli mara nyingi huonyesha tundu la 5 mm tu, yaani kipenyo cha keekee, na bila maelezo fundi ataliacha hivyo. Kingo zote: ondoa ncha kali.

Hatua ya 7: Kisanduku cha maelezo na kutuma

Namba ya mchoro, herufi ya toleo, mata (kitu kifaa kilichotengenezwa nacho), skeli, kipimo cha urefu (mm), tarehe. Mata iwe kamili: "alumini" peke yake haitoshi, taja aloi. Toa PDF ya mchoro na faili ya STEP (modeli ya 3D inayosomeka na programu nyingine) kutoka toleo moja, herufi ya toleo iwe kwenye majina ya faili zote mbili, na useme ipi inatawala zikitofautiana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisiweke ±0.01 kila mahali ili niwe salama?*

Kwa sababu utalipia usalama usiouhitaji. Fundi atalazimika kupunguza mwendo, kupima kila mara na kutupa vifaa vizuri. Zaidi ya hayo, ukibana kila kitu hatajua kipi ni muhimu kweli.

*Nikibadilisha modeli, baadhi ya vipimo vinakatika au vinaruka kwenye ukingo mwingine. Nifanyeje?*

Vipimo vimeshikiliwa na kingo, na ukingo ukizaliwa upya programu inaweza kupoteza jina lake. Maliza modeli kabla ya kuweka vipimo, na kona za mviringo ziweke mwishoni kabisa. Baada ya badiliko lolote pitia kipimo kimoja kimoja. Kilichokatika utakiona, kilichoruka kimya kimya ndicho cha kuogopa.

*Nimezoea kuandika ISO 2768-mK. Bado ni sawa?*

Herufi m inatoka ISO 2768-1, ambayo inaendelea kutumika. K ilitoka ISO 2768-2, iliyoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ISO 22081 mwaka 2021. Kwa mchoro mpya andika m, na mahitaji ya umbo yaandike wazi kwenye nyuso zinazohusika.

*Ndugu, mimi nakata bati kwa leza. Si natuma DXF tu, ile faili ya mchoro bapa?*

DXF itakata umbo vizuri, ikiwa imetolewa kwa 1:1 na bati likiwa limekunjuliwa. Haisemi unene, mata, wala upande wa kukunja. Tuma nayo PDF ya ukurasa mmoja yenye mistari ya kukunja, pembe, upande wa kukunjia na vipimo vya kifaa kikiwa tayari kimekunjwa, kwa maana hivyo ndivyo mkaguzi atakavyovipima.

*Kuna wanaosema michoro ya karatasi imepitwa, maelezo yote yanawekwa ndani ya modeli.*

Inawezekana, na ISO 16792 imeweka kanuni zake. Karakana inayokupokea lazima iwe na programu ya kusoma maelezo hayo, kwa hiyo waulize kabla hujatuma. Hatua ya 1 na ya 5 utazifanya vilevile: 50 ±0.05 lazima mtu aiamue, iandikwe kwenye karatasi au kwenye modeli.