Mwongozo kwa Mzazi: Kumwandaa Mtoto kwa Upimaji wa Darasa la Nne na Mtihani wa Darasa la Saba

Katika miaka niliyofundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi nimeona kwamba wazazi wengi huanza kuulizia mtihani wa taifa mwezi Agosti, ilhali mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Wakati huo mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa: jina limesajiliwa, na mtoto ama anaelewa anachosoma ama haelewi. Hatua zifuatazo zinawahusu wazazi wa Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina mitihani yake.

Hatua ya 1: Hakiki jina la mtoto, herufi kwa herufi

Taarifa za mwanafunzi huingizwa katika mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, naye hupewa namba anayohama nayo kutoka shule moja hadi nyingine. Jina lililomo humo ndilo litakalofuata hadi kwenye vyeti. Niliwahi kumpokea mama ambaye mtoto wake aliandikishwa darasa la kwanza na mjomba, kwa jina la mjomba huyo, wakati cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Tofauti hiyo iligunduliwa kijana akiwa sekondari, na mama akazunguka ofisi hadi ofisi kwa miezi mingi akitafuta marekebisho ambayo shuleni yangechukua asubuhi moja.

Kwa hiyo, mtoto akiwa darasa la tatu au mwanzoni mwa darasa la nne, chukua nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, nenda kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma, na uombe kuoneshwa taarifa zilivyoingizwa. Linganisha majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na jinsi. Usidharau tofauti ndogo kama Mohamed na Mohammed, kwani katika nyaraka hayo ni majina mawili.

Hatua ya 2: Msikilize akisoma kila jioni

Hapa ndipo ninapowasihi wazazi kuliko mahali pengine popote. Watoto wengi niliowaona wakianguka katika Hisabati walijua kujumlisha na kuzidisha. Kilichowashinda ni kuelewa swali. Mpe mtoto fumbo kama hili: mama amenunua kilo 3 za sukari kwa shilingi 2,800 kila kilo, akatoa noti ya shilingi 10,000, atarudishiwa shilingi ngapi? Kabla hajashika kalamu, mwambie akueleze kwa maneno yake mama amefanya nini na kinachotafutwa ni nini. Akikueleza vizuri, shilingi 1,600 ataipata. Akishindwa kueleza, hata masomo ya ziada ya kulipia hayatamsaidia mpaka ujifunze naye kusoma.

Dakika 15 zinatosha. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hii vilevile, kwa sababu atasikia kama mtoto anasitasita, na anaweza kumuuliza habari hiyo inasema nini. Ni vyema kuanza mapema, kwa kuwa upimaji wa darasa la nne si zoezi la kawaida: mwanafunzi asiyefikia kiwango hurudia darasa.

Hatua ya 3: Ifahamu karatasi ya darasa la saba

Katika mtaala wa miaka saba, mtahiniwa hufanya masomo 6, kila moja likiwa na alama 50, kwa siku mbili. Maswali ya kuchagua, yaani la 1 hadi la 40, hujibiwa kwa kutia kivuli kwenye fomu maalumu kwa penseli ya HB, kisha mashine husoma fomu hiyo. Maswali 5 ya mwisho huandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Mtoto aliyeruka swali moja bila kuruka nafasi yake kwenye fomu hukosa yote yanayofuata, ingawa anajua majibu. Mwombe mwalimu mfano wa fomu, umfanyishe mazoezi nyumbani ya kutia kivuli na kufuta kabisa anapobadili jibu.

Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 wako katika mtaala mpya, ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Mzazi wao aulize shuleni kuhusu masomo yao.

Hatua ya 4: Wiki ya mtihani

Alale mapema, ale kabla ya kutoka, na awe na penseli mbili zilizochongwa. Usimwongezee kazi wala vitisho.

Hatua ya 5: Soma matokeo kwa undani

Jumla ni alama 300. Daraja A huanzia 241, B 181, C 121 na D 61. Mwenye 125 na mwenye 178 wote huandikwa C, lakini kidato cha kwanza watakutana na masomo wakiwa na maandalizi tofauti kabisa, hasa pale lugha ya kufundishia inapobadilika kuwa Kiingereza. Tazama basi daraja la kila somo, na kama Kiingereza kimeandikwa D, tumia miezi ya kusubiri kidato cha kwanza kwa ajili ya somo hilo. Andika namba yake ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani, uvihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.