Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga tena injini na giaboksi ya Mercedes ya zamani

Kufungua injini hata mtoto anaweza. Kazi iko siku ya kurudisha. Nazungumzia hasa Mercedes za W123, zile za kati ya 1976 na 1985, 240D na 300D za dizeli, ambazo hapa Lubumbashi bado kuna wazee wanazitunza kama mboni ya jicho. Nyingine zina giaboksi otomatiki, na hiyo ndiyo inayotia watu aibu.

Usafi kwanza. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu linaingia hata mahali palipofungwa. Ziba matundu yote kwa nailoni na tepu. Usizibe kwa matambara, nyuzi zake zitaingia kwenye vijia vya mafuta. Bolti ziwe kwenye makopo, kila kopo na jina lake. Kama hukupiga picha wakati wa kufungua, katafute gari kama hilo uliangalie kabla hujaanza kubahatisha.

Bolti za silinda hedi, au kilasi kama tunavyosema huku, hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Mkono wako si kipimo, hata uwe na miaka thelathini kazini. Zile bolti zinazovutika zipime urefu kwanza, iliyozidi, tupa. Na kitabu kiwe cha injini yako, maana aina ya bolti ilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Mwanya wa valvu kwa dizeli hizi zisizo na turbo, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 upande wa hewa kuingia, 0.30 upande wa moshi. Kisha zungusha kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla mtu hajagusa stata, ile mota ya kuwashia. Ikigoma, acha. Huenda pistoni imegusa valvu.

Sasa konveta. Hapa nisikilize vizuri.

Konveta ni lile duara zito la chuma linalojaa mafuta, linakaa mahali ambapo gari la gia za mkono lina klachi. Inaingia kwenye giaboksi kwa hatua tatu: inashika meno ya shafti, inashika meno ya mhimili unaoizunguka hiyo shafti, halafu shingo yake inashika gia ya pampu. Ukiizungusha huku unaisukuma, utaisikia ikizama mara tatu. Ikizama mara mbili unaweza kuapa kwamba imefika.

Mimi niliapa. Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye ua mmoja mtaa wa Kamalondo, mwenye gari ameketi kwenye kiti cha plastiki anatutazama. Kesho yake gari libebe bibi harusi. Umeme umekatika, tunamulika kwa simu. Tulipopandisha giaboksi, ikabaki nafasi ya kidole kati yake na injini. Kijana wangu akasema, "Mukubwa, haijaingia yote." Nikamwambia akaze bolti, itajivuta yenyewe. Kweli ikajivuta. Tukawasha, injini ikaunguruma vizuri, mara chini kukasikika chuma kinasaga chuma. Nikatia D ya mbele, kimya. R ya nyuma, kimya. Mzee akauliza, "Mwanangu, mbona haitembei?" Nikamjibu, "Mafuta hayajafika, Papa." Nilikuwa nimeshajua.

Gia ya pampu ilikuwa imepasuka, na chembe za chuma zimefika hadi kwenye kipoza mafuta ndani ya radieta. Bibi harusi alikwenda na taksi waliyoifunga riboni asubuhi hiyo hiyo. Pampu ya mitumba tuliingojea majuma matatu ipite mpakani Kasumbalesa, na uliolipa ni mfuko wangu.

Kwa hiyo, giaboksi ikiwa bado chini, laza rula kwenye ukingo wake upime konveta imezama kiasi gani ndani. Ukipandisha, giaboksi ikutane na injini kwa mikono tu. Bolti ni za kushika, si za kuvuta. Ikishakaa, konveta iwe bado inazunguka kwa mkono, na isogee milimita chache mbele na nyuma kabla hujaifunga kwenye sahani ya injini. Haizunguki? Shusha. Hata ikiwa saa sita usiku, shusha.

Kama giaboksi iliwahi kuungua au kusagika, safisha mabomba ya kipoza na kipoza chenyewe, la sivyo uchafu wa zamani utarudi kwenye kazi mpya. Vibomba vya vakyumu, vile vya kunyonya hewa, virudi kila kimoja mahali pake. Ukivichanganya gari litabadilisha gia kwa kishindo na utamlaumu aliyekuuzia.

Mafuta ya giaboksi: tia lita kama 4 kabla ya kuwasha, ongeza kidogo kidogo injini inaponguruma. Kipimo cha mwisho ni giaboksi ikiwa ya moto, injini ikiwaka, levya ya gia iko P, ya kuegesha. Usijaze kupita alama, yatatoa povu.

Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Betri itolewe waya kabla ya kugusa stata. Mwenye gari aambiwe Jumatano hata kama unaona Jumatatu inawezekana. Na safari ya kwanza isiwe Likasi, kilomita 120 na familia nzima ndani. Zunguka mtaa, rudi, lala chini na tochi uangalie wapi panadondoka.