Plastiki ya moto barabarani: jungu, gesi na ngozi yako

Salamu wenzangu wa koni na jungu. Somo la leo ni ile plastiki ya unga tunayoyeyusha kwa gesi tukachorea mistari ya barabara na vivuko vya waenda kwa miguu. Inapoiva hufika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Mafuta ya viazi karai yana moto unaokaribia huo, lakini mafuta hutiririka yakaenda zake. Plastiki hung'ang'ania ngozi, ikaendelea kuchoma.

Kwanza, mifuko ya unga huo, tunayoitia mizima ikayeyuka, na jungu. Hapa nitakaa sana, maana ninachokiogopa kuliko vyote ni maji. Tulikuwa Changamwe, Mombasa, wakati wa masika, mifuko imelala nje chini ya turubai lenye tundu. Asubuhi mfuko mmoja ulikuwa na unyevu kwenye pindo tu, nami nikautia. Jungu lilinguruma, likarusha donge lililonipata chini ya kiwiko, pale glavu fupi ilipoishia. Kovu ninalo hadi leo.

Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,500, na chini ya plastiki nzito mvuke huo hauna njia ila kupasua juu. Kijiko kimoja kinatosha. Kwa hiyo mifuko ilale ndani, juu ya mbao. Kabla ya kuwasha, chungulia jungu hadi chini na upanguse, kwani umande wa pwani huingia hata penye kifuniko. Kichanganyio kisimame kwanza, kisha mfuko uteremshwe polepole ukingoni. Usiurushe. Jungu lisijae hadi mdomoni.

Pili, gesi na joto. Mitungi isimame wima, ifungwe, ikae mbali na moto. Viungo vya mpira vipime kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini ikajaa mtaroni, basi usiegeshe jungu karibu na mtaro. Kiwango cha joto kimeandikwa na mtengenezaji. Fuata kipimajoto, usikisie kwa macho. Ukizidisha, rangi huharibika, moshi mkali hutoka, na jungu laweza kushika moto. Likishika, funga gesi, shusha kifuniko, tumia kizimamoto cha poda. Maji usithubutu.

Tatu, mavazi. Pamba nzito, mikono mirefu. Poliesta huyeyuka ikagandana na nyama. Glavu ndefu za ngozi, kinga ya uso mzima. Suruali ishuke juu ya buti, usiichomeke ndani: tone likidondokea ndani ya buti, hadi ufungue kamba mguu umeshaiva.

Nne, magari. Koni zitangulie jungu. Digo Road tuktuk hupenya popote penye upenyo, kwa hiyo mshika bendera awe mtu mzima wa akili, si kijana aliyeanza kazi jana. Gari la jungu na mitungi lisifanywe ngao ya kukinga magari. Shanga za kioo, zile tunazonyunyizia mistari ing'ae usiku, zikimwagika zifagiliwe papo hapo, zinaangusha pikipiki.

Mtu akiungua. Maji yale yale tuliyoyakimbia sasa ndiyo dawa: yatiririke juu ya kidonda dakika 20, plastiki ikiwa bado imeganda. Usiibandue, utaondoka na ngozi. Vua pete na saa kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, yai, unga, barafu, vyote hapana. Funika kwa kitambaa safi, hospitali. Sitoki yadi bila madumu ya maji safi garini.

Maswali

*Mwalimu, sisi ni vibarua wa siku. Msimamizi asema glavu tujinunulie.*

Hapana, mwanangu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamhusu kila aliye kazini, awe wa kudumu au wa muda, na vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri. Ukiona hatari ya wazi, mwambie msimamizi; sheria hiyo hairuhusu mwajiri akurudishe hapo kabla haijaondolewa. Semeni pamoja, msimwache mmoja aseme peke yake.

*Mume wangu huja na ovaroli yenye unga wa njano, watoto wakamrukia. Kuna ubaya?*

Upo, dada, na umefanya vyema kuuliza. Baadhi ya rangi za njano zina madini ya risasi, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Avulie ovaroli kazini, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, na nguo hiyo ifuliwe peke yake. Amuulize mwajiri iwapo rangi yao haina risasi.

*Asalam aleikum mwalimu. Ramadhani tufanyeje, na jua hili?*

Waaleikum salaam kaka. Kusimama kando ya jungu mchana bila maji ni kutafuta kuzirai, na anayezirai huangukia penye moto. Sisi huomba zamu ihamishwe baada ya tarawehe. Usiku magari hukimbia zaidi, kwa hiyo reflekta na taa ziongezwe. Umande nao huanza kushuka: lami ikiwa na unyevu, ikaushe kwanza, la sivyo plastiki itatoa mapovu na kurusha matone miguuni. Kunywa maji ya kutosha tangu futari, usingoje kiu ikukumbushe.