Kumtambua Ndege wa Rangi Usiyemfahamu Katika Mikoa ya Lindi na Mtwara

Rangi ndiyo inayomfanya mtu asimame amtazame ndege, na rangi hiyo hiyo ndiyo inayompoteza mara nyingi anapotaka kumtambua. Ukimwona ndege mgeni juu ya mkorosho huko Newala au kwenye mikoko ya Mikindani, anza na umbo: je, analingana na shore, njiwa au kunguru, mdomo wake ni mnene au mwembamba, umenyooka au umepinda, naye anatafutaje chakula? Keremkerem mwenye mdomo mwembamba uliopinda humdaka nyuki angani na mara nyingi hurudi kwenye tawi lile lile, ilhali mdiria ana kichwa kikubwa na mdomo mnene ulionyooka. Chole, ndege mwenye buluu nyingi mabawani, hukaa mahali pa wazi, hata juu ya waya wa umeme, akivizia panzi walio chini.

Baada ya umbo, ichunguze rangi kwa tahadhari. Buluu ya ndege haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya bali na jinsi muundo wa unyoya unavyotawanya mwanga, na kwa sababu hiyo chole anayeng'aa juani huweza kuonekana mweusi kivulini. Wekundu wa mabawa ya shorobo, ndege wa msituni mwenye kishungi na mkia mrefu, kwa upande wake, hutokana na rangi halisi yenye shaba, lakini akiwa ametulia kwenye majani wekundu huo haujitokezi sana; inakupasa umsubiri aruke. Kumbuka pia kwamba kwa aina nyingi za chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, dume hung'aa wakati jike lake limefifia, kiasi cha kudhaniwa kuwa ni ndege wawili tofauti kabisa.

Andika rangi ya kila sehemu peke yake: koo, kifua, tumbo, mgongo, bawa na mdomo. Pwani yetu ina mfano mzuri wa jambo hili, kwani mdiria wa mikoko na mdiria wa misitu ya wazi wote wana mgongo wa buluu na mabega meusi, ila wa kwanza ana mdomo mwekundu wote na wa pili ana mdomo mwekundu juu na mweusi chini. Aliyeandika "buluu" tu hatawatofautisha.

Sauti husaidia zaidi pale ndege anapojificha. Simama kimya, rekodi kwa simu, kisha andika kama mlio ni filimbi au mkwaruzo, kama unapanda au unashuka, na kama ndege alikuwa ametua au akiruka. Yule mdiria wa misitu ya wazi hutoa mlio mmoja mkali unaofuatwa na mtetemo mrefu unaoshuka. Shorobo hukoroma kwa mfululizo.

Usisahau tarehe na mahali. Chole wa Ulaya huwa huku takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa hiyo chole wa Julai karibu hakika ni mwingine. Programu ya simu ya kutambua ndege kama Merlin itakupa mapendekezo, nawe yalinganishe na rekodi za sauti za ndege kwenye tovuti ya xeno-canto kabla ya kuyakubali. Warina asali wa kijijini nao waulizwe, kwa maana wanazijua tabia za ndege wa porini kuliko wengi wetu.

Usicheze mlio uliorekodiwa mara kwa mara karibu na kiota, kwa kuwa ndege hudhani amevamiwa na mpinzani, akaacha mayai au makinda ili amfukuze.