Sensa ya throtoli inayoharibika mara kwa mara: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Gari likibadilishiwa sensa ya throtoli (kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini kwamba throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, imefunguka kiasi gani), likatulia wiki chache, kisha taa ya injini ikarudi na kodi ileile (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta), mwenye gari huambiwa kwamba ameuziwa sensa mbovu. Kwa mara ya kwanza jambo hilo linawezekana. Ikitokea mara ya pili, na zaidi mara ya tatu, naomba tuache kuishuku sensa tuanze kuvishuku vinavyoizunguka, yaani soketi, nyaya, umeme unaoilisha na mhimili unaoizungusha. Nimeona watu wengi wakimaliza fedha zao kwa kubadilisha kifaa ambacho hakikuwa na kosa, na ndiyo sababu ya somo hili.

Tuanze na utendaji wake. Sensa ya kawaida ina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kompyuta ya injini, wa pili ni ethi (upande wa hasi) inayorudi kwenye kompyuta hiyohiyo, na wa tatu hupeleka ishara. Ndani mna ukanda wa kaboni, na juu yake kidole chembamba cha chuma kinachoteleza kadiri throtoli inavyofunguka. Throtoli ikiwa imefungwa, ishara huwa kati ya volti 0.5 na 0.9 katika magari mengi. Ikifunguliwa yote, hufika volti 4 hadi 4.5. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho kuhusu vipimo hivyo.

Hatua ya kwanza: soma kodi, usizifute. P0122 husema ishara iko chini mno, P0123 kwamba iko juu mno, P0121 kwamba haiendani na hali ya injini, na P0124 kwamba inakatikakatika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba sensa imekufa. Volti 5 ikikosekana utapata P0122 hata kama sensa ni mpya, na ethi ikikatika utapata P0123. Ukikuta P0641 pamoja nazo, tatizo liko kwenye njia ya volti 5, ambayo mara nyingi huhudumia sensa nyingine pia. Andika vilevile joto la injini na mwendo uliohifadhiwa wakati kodi ilipojitokeza, kwa kuwa hitilafu inayokuja injini ikipata moto pekee hutafutwa tofauti na ile inayokuja baada ya mvua.

Hatua ya pili: zipime sensa ulizozitoa. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, ingawa kwa maoni yangu ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Weka multimita (kipima umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, pima ncha mbili za ukanda huku ukiizungusha sensa: kipimo kisibadilike. Kisha pima kutoka pini ya ishara hadi ncha moja, ukizungusha polepole sana: kipimo kipande au kishuke bila kuruka. Multimita ya mshale huonyesha mruko mfupi vizuri kuliko ya tarakimu, ambayo huchelewa kusoma. Kama sensa yako ni ya sumaku, isiyo na ukanda wa kaboni, kipimo cha omu hakitakuambia lolote. Hiyo hupimwa ikiwa na umeme.

Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kubadilishiwa sensa tatu, na mwenye gari alikuwa ameziweka zote kwenye boksi. Nilizipima moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzima.

Hatua ya tatu: soketi na nyaya. Fungua swichi bila kuwasha injini, soketi ikiwa imechomekwa, na uingize ncha ya multimita kwa nyuma ya soketi taratibu, bila kutoboa waya. Hakikisha volti 5 ipo. Kisha weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye ethi ya sensa. Kipimo kisizidi volti 0.1. Katika gari nililolitaja kilikuwa volti 0.4, kwa sababu pini ya ethi ilikuwa imeota kutu ya kijani ndani ya soketi. Kwa hiyo ishara ya throtoli iliyofungwa ilipanda kwa karibu kiasi kilekile, na kompyuta ikaamini kwamba dereva amekanyaga mafuta. Kila sensa mpya ilipochomekwa, pini ilikwaruzwa kidogo ikashika vizuri, gari likatulia, kutu ikarudi. Hivyo ndivyo sensa nzima inavyoonekana kufa kila baada ya wiki chache.

Baada ya hapo tikisa fungu la nyaya hatua kwa hatua kutoka kwenye sensa kuelekea kompyuta, huku msaidizi akitazama volti ya ishara. Angalia hasa mahali nyaya zinapopita karibu na ekzosi au zinaposuguana na ukingo wa chuma. Waya wa ishara ukichunika na kugusa waya wa volti 12 wakati throtoli imefungwa, mkondo mkubwa hupita kwenye kipande kifupi cha ukanda kilicho karibu na ethi na kukiunguza. Sensa ya namna hiyo imekufa kweli, na inayofuata itakufa vilevile.

Hatua ya nne: chaji. Injini ikiwaka, betri isome takriban volti 13.5 hadi 14.7. Geuza multimita kwenye umeme wa AC: ukiona zaidi ya volti 0.5, daiodi za altaneta zina kasoro. Kasoro hiyo kwa kawaida haiunguzi sensa, bali huchafua ishara.

Hatua ya tano: mhimili na mtikisiko. Shika mhimili wa throtoli uutikise pembeni. Mhimili ukicheza, kidole cha sensa husukumwa upande na kuukwangua ukanda. Mauntini (kishikilio cha injini) iliyokatika nayo hutetemesha kidole mahali pamoja, na kwa kuwa gari hutembea muda mrefu throtoli ikiwa imefunguka kidogo, ukanda huisha hapo kwanza. Chunguza pia kama kuna mafuta au dawa ya kusafishia throtoli iliyopenya kupitia mhimili hadi ndani ya sensa.

Unapofunga sensa mpya, hakikisha imeshika ulimi wa mhimili kabla ya kukaza skrubu, wala usizikaze kupita kiasi, kwani plastiki hupasuka.

Maswali ya wanachama

*Fundi, gari langu halina kebo ya mafuta, nalo linaandika P2135. Je, hatua hizi zinanifaa?*

Zinakufaa ndugu yangu, ila zingatia tofauti. Throtoli yako ina sensa mbili ndani yake, na kodi hiyo husema kwamba zinapingana. Mara nyingi sensa hizo haziuzwi peke yake, hubadilishwa throtoli nzima, kwa hiyo kagua pini za soketi kwa makini zaidi kabla ya kuinunua. Tafadhali usiingize kidole kwenye throtoli swichi ikiwa wazi, kwa sababu mota yake inaweza kukibana.

*Gari linashtukashtuka nikiwa kwenye mwendo mmoja, lakini hakuna kodi. Inawezekana ni sensa?*

Inawezekana. Mkatiko mfupi sana unaweza kupita bila kompyuta kuandika kodi. Tumia osiloskopu (kifaa kinachochora volti kama mstari kwenye skrini), ufungue throtoli polepole na kutazama mstari: ukiporomoka ghafla karibu na mwanzo, ukanda umeisha.

*Mkuu, volti 5 yangu inasoma 2.8. Je, kompyuta imeharibika?*

Usiihukumu kompyuta bado. Chomoa sensa zote zinazotumia volti 5 hiyo, moja baada ya nyingine, huku ukitazama multimita. Volti ikirudi mara tu baada ya kuchomoa mojawapo, hiyo ndiyo yenye shoti. Ikibaki chini baada ya kuzichomoa zote, chunguza waya wenyewe hadi kwenye soketi ya kompyuta, kwa kuwa waya uliochunika na kugusa bodi huleta kipimo hichohicho.