Kukagua klasta ya PostgreSQL inayosimamiwa na Patroni

Maelezo haya ni ya klasta ya kawaida: seva tatu za PostgreSQL (kiongozi mmoja anayepokea maandishi na nakala mbili zinazomfuata), Patroni juu yake (programu inayosimamia nani awe kiongozi), etcd (hifadhi ndogo ya pamoja) ya kutunza kufuli la kiongozi, na HAProxy mbele ya kuelekeza miunganisho kwa kiongozi.

Anza na `patronictl list`. Awepo Leader mmoja tu, nakala zote ziwe `streaming`, na namba ya TL (timeline, yaani namba ya historia ya data, inayopanda kila kiongozi anapobadilika) iwe ileile kwa seva zote. Nakala yenye TL ndogo imekwama kwenye historia ya kabla ya kiongozi kubadilika. Matoleo ya zamani ya Patroni huandika `running` hata kama nakala haipokei kitu, kwa hiyo muulize kiongozi mwenyewe:

```
SELECT application_name, state, sync_state,
  pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), replay_lsn) AS baiti
FROM pg_stat_replication;
```

Hesabu mistari kwanza (mmoja kwa kila nakala), baiti (pengo la nakala nyuma ya kiongozi) baadaye. Nakala iliyokatika haionyeshi pengo kubwa. Inatoweka kabisa kwenye jibu. Tahadhari inayopima baiti peke yake itakaa kimya hapo. Weka nyingine inayolia mistari ikipungua chini ya 2.

Wengi hupima kuchelewa kwa `now() - pg_last_xact_replay_timestamp()` kwenye nakala. Pasipokuwa na maandishi mapya, namba hiyo hupanda tu, na simu ya zamu italia usiku bila sababu. Dawa ni skripti inayosasisha mstari mmoja wenye saa kila sekunde 10 kwa kiongozi, kisha unausoma kwenye nakala.

Angalia pia `pg_replication_slots`, orodha ya sloti, yaani alama za mahali kila nakala ilipofikia. Sloti yenye `active = f` inamzuia kiongozi kufuta faili za WAL (kumbukumbu ya mabadiliko) mpaka diski ijae. Tangu toleo la 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`, ila thamani yake ya awali ni -1, yaani hakuna kikomo. Ukiweka kikomo, nakala iliyochelewa mno huenda ikabidi ijengwe upya. Afadhali hiyo kuliko kiongozi kuzima.

HAProxy humjua kiongozi kwa kuuliza Patroni, kwa hiyo uliza vivyo hivyo: piga `http://seva1:8008/primary` kwa `curl`, kisha rudia kwa jina la kila seva nyingine: kiongozi hujibu 200, wengine 503. etcd ya seva tatu huvumilia kupotea kwa moja tu. Ikague kwa `etcdctl endpoint status --cluster -w table`.

Yote hayo hayathibitishi kwamba klasta itahama kiongozi akianguka. Jaribu kwenye mazingira ya majaribio. Endesha programu inayoingiza namba moja kila sekunde kupitia HAProxy, na iandike kwenye faili kila namba iliyokubaliwa. Namba zitoke kwenye programu yenyewe, kwa sababu sikwensi (kihesabu cha namba) ya PostgreSQL huweza kuruka namba baada ya ajali, nawe utadhani data imepotea. Halafu zima umeme wa kiongozi au kata mtandao wake. `systemctl stop patroni` si jaribio la ajali: Patroni huachia kufuli kwa adabu na nakala hushika mara moja. Kwenye ajali halisi, kwa ttl (muda wa kufuli kuisha lisipohuishwa) ya sekunde 30, tegemea kusubiri karibu nusu dakika.

Linganisha faili na jedwali. Namba iliyokubaliwa lakini haimo ni data iliyopotea, jambo linalowezekana `synchronous_mode` (kiongozi kungoja nakala kabla ya kukubali) ikiwa imezimwa.

Mwisho, washa kiongozi wa zamani uone kama anarudi akiwa nakala. Akigoma, angalia `use_pg_rewind` kwenye Patroni: `pg_rewind`, chombo cha kumrudisha kiongozi wa zamani kwenye historia mpya, inahitaji `wal_log_hints` au checksamu za data. Vikikosekana, tumia `patronictl reinit`, na hapo hifadhidata yote inanakiliwa upya.