Kuchora kerisi ukutani kwa njia ya mafundi wa Siam, ukiwa Dodoma

Kerisi ni jambia la Wajava na Wamalei. Katika kuta za mahekalu ya Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam, huonekana hasa pale panapochorwa hadithi ya Inao, kama katika Wat Somanat Wihan, Bangkok. Hadithi hiyo asili yake ni Java, na tungo yake inayojulikana zaidi ni ya Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala Siam mwaka 1809 hadi 1824. Mchoraji wa Siam alimvika mwana wa mfalme wa Java taji na mavazi ya Kisiam, na uso akauacha mtulivu kama nyuso zote za wafalme anaowachora. Kerisi ndiyo inayomtambulisha. Ukiichora kama kisu cha kawaida, umemwondoa Java bila kujua.

Anza na ukuta, maana hapo ndipo kazi nyingi hufa. Mafundi wa Siam walichora juu ya lipu iliyokauka, na adui yao alikuwa magadi yaliyobaki ndani ya chokaa. Waliosha ukuta kwa maji ya majani ya khilek. Mti huo ni mjohoro wetu, ule ule unaopandwa kwa kivuli na kuni mitaani Dodoma. Kwa jaribio la mita moja ya mraba, acha lipu ikae angalau mwezi mmoja. Twanga majani mabichi yanayojaa ndoo ndogo, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji ya mvua, chuja, kisha mwagia ukuta asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi: chumvi itarudi juu baadaye na kusukuma rangi idondoke kama magamba.

Kipimo chao nacho kipo jikoni kwako. Chora mstari kwa kipande cha manjano mbichi kilicholoweshwa. Ukibaki wa njano, ukuta uko tayari. Ukigeuka mwekundu, magadi bado yapo, endelea kuosha. Kwenye lipu ya saruji wekundu hukaa muda mrefu zaidi. Usikate tamaa na usiruke hatua hii.

Sasa tabaka jeupe. Gundi yake ni kokwa za ukwaju, na wauza juisi huzitupa kila siku. Kaanga nusu kilo mpaka maganda yapasuke, menya, loweka usiku mmoja, kisha chemsha katika lita 5 za maji kwa saa moja hivi hadi yanate vidoleni. Chuja kwa kitambaa. Siku mbili za joto la Dodoma zinatosha kuiozesha, kwa hiyo pika ya kutumia tu. Changanya na unga laini wa chaki: kilo moja kwa robo tatu lita ya gundi, uzito wa uji mwepesi. Jasi mbichi ya Itigi iliyosagwa inafaa pia, ila iliyochomwa itagandia ndooni. Chokaa usiiguse, kwani inarudisha magadi uliyohangaika kuyaosha. Paka mara nne, nyembamba, kila mara ikauke kabisa, kisha sugua kwa msasa laini. Tabaka nene moja litapasuka, hasa upepo wa kiangazi ukivuma.

Rangi saga na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa: masizi kwa nyeusi, ngeu (udongo wa rangi) kwa nyekundu. (Ngeu nunua kwa mafundi. Usiikwangue Kolo wala pango lolote la michoro ya Kondoa.)

Kerisi yenyewe ipe muda. Kama mtu wako ana urefu wa sentimita 40, kerisi ndani ya ala yake iwe kama sentimita 11. Anza na mstari wa katikati wa bapa kwa penseli hafifu. Karibu na mpini bapa hupanuka ghafla, na upande mmoja hutokeza kuliko mwingine. Pande zikilingana, umechora mkuki. Bapa likiwa la mawimbi, mapindo yawe witri: 3, 5, 7, 9 na kuendelea. Hesabu kutoka upande wa mpini, kushoto kulia kwa zamu. La mwisho litaangukia upande ulioanzia. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchora makali mawili kama mtu na kivuli chake kiooni, kila kimoja kikitoka nje pale mwenzake anapotoka. Matokeo yake ni shanga zilizotungwa. Makali yote mawili yapinde pamoja kuelekea upande mmoja, kama kingo mbili za korongo, na mapindo yapungue ukubwa kadiri ncha inavyokaribia. Kerisi iliyonyooka nayo ni kerisi kamili.

Mpini umepinda. Mwenye kuichomoa kerisi hushika kama anayeshika bastola, ncha mbele, kwa kuchoma. Usimchore akiinua juu kama panga. Ikiwa alani, Mjava huichomeka mgongoni na Mmalei kiunoni upande wa kushoto. Ukimchora mtu wa Pattani au Songkhla, kusini mwa Thailand, mpe mpini wa huko: kichwa kikubwa chenye pua ndefu nyembamba iliyoinuka, unaofananishwa na ndege mdiria. Mdomo wa ala uwe mpana, umetanuka kama mtumbwi mdogo. Ala nyembamba juu mpaka chini haiwezi kulipokea lile bapa pana.

Dhahabu Siam hubandikwa kwa utomvu wa mti wa jamii ya mkuyu. Huna dhahabu? Tumia ngeu ya njano. Unga wa shaba utapiga weusi. Mistari ya mapambo iache mwisho, kwa brashi ya nywele chache, nyekundu juu ya dhahabu, ukivuta kutoka mpini kwenda nchani bila kuinua mkono.